Bega la Nyumba Yetu

Ujinga wangu nauandika hapa juu kabisa, ili msomaji asipate taabu ya kuutafuta huko chini: nilisema nilimbeba mimi. Nilimwambia mgeni mmoja mwenye kamera, mbele ya kituo cha afya, nikiwa nimeshika mti wa machela, kwamba yule mama aliyekuwa ndani akijifungua nimemleta mimi. Akaniuliza kama nilikuwa peke yangu. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana. Akachagua ndiyo. Akanipa koti.

Sasa nieleze, maana wapo watakaosoma haya ambao kwao mgonjwa huitiwa teksi.

Kwetu, vilimani upande wa Bukiriro, mgonjwa anabebwa kwa ingobyi. Ni machela ya kusukwa, kama kikapu kirefu cha kulaza mtu, imefungwa kwenye miti miwili. Wanne wanaiweka mabegani, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu. Kila nyumba ya kitongoji inatoa bega moja. Ndivyo tunavyosema: bega. Nyumba ya fulani ina bega zuri. Nyumba ya fulani bega lake limeoza, yaani baba mwenye nyumba ni mlevi. Na nyumba isiyotoa bega, siku yake ikifika, inajibeba. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote na hakuna anayeisahau. Wajane wanasamehewa, na wazee wasio na watoto. Sisi hatukuwa wajane.

Bega la nyumba yetu lilikuwa la Baba mpaka wakimbizi walipovuka daraja la mpakani. Walivuka wengi hata vilima vikabadilika rangi: kwanza vikawa na watu, halafu vikawa na plastiki, halafu vikawa havina miti. Kambi ikaota kule upande wa Kasulo, na kambi ikataka walinzi, madereva, wapima unga, wahesabu watu. Baba akapata kulinda ghala. Analala huko huko, anarudi nyumbani akipewa ruhusa, na ruhusa hapewi. Walimu wetu nao wakaenda. Mwalimu wa hesabu sasa anahesabu madumu ya maji. Mwalimu wa fizikia anaendesha lori, na tukikutana naye barabarani anatupigia honi, hilo ndilo somo la fizikia tulilobakiwa nalo. Mimi niko kidato cha pili. Tunaingia darasani tunakaa, tunadanganyana, kengele ikilia tunatoka.

Basi bega likawa langu.

Sitajifanya nilikuwa na huzuni. Mwaka ule nilipita kando ya watu wengi waliojilaza pembeni ya barabara, wengine wamelala na wengine hawakulala, na nilijifunza kutofautisha kwa kuangalia nzi. Mara ya kwanza nilitapika. Baadaye nikawa napita huku natafuna muwa. Nilikuwa na utani mwingi na sikuhisi kitu. Mama aliwahi kuniuliza kama naumwa, nikasema hapana, na kweli nilikuwa siumwi popote.

Mkuu wa ingobyi yetu ni mchinja mbuzi. Ni mtu mfupi, hivyo habebi. Mti ukikaa begani kwake mgonjwa anammwagikia kama uji. Anatangulia mbele na panga, anakata matawi, anaita zamu. "Badili!" Wanaobeba wanaingia, waliochoka wanatoka, na machela haisimami. Watu wa mbele lazima walingane urefu. Mimi nililingana na kijana wa nyumba ya jirani, tunasoma darasa moja, mkimya, ana masikio makubwa kama majani ya maboga. Nilimwita Pacha. Naye aliniita Pacha, ila kwa sauti ya mtu asiyefurahia ndugu aliyepewa.

Siku ya ujinga wangu tulimbeba mke wa mfyatua matofali. Alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulishuka vizuri mpaka kijitoni, na pale kijitoni mimi nikaanza hadithi ya mwalimu mkuu na mbuzi wake aliyekula madaftari ya mitihani. Ni hadithi nzuri. Sehemu yake ya mwisho inataka watu wa nyuma waone uso wako, kwa hiyo niligeuza shingo. Nikakanyaga jiwe lenye utelezi, nikaanguka kwa magoti majini, na mti ukaniacha.

Ingobyi ikalala upande. Mama yule akapiga kelele moja tu, fupi. Pacha akapitisha mkono kifuani mwake, akaudaka mti wangu kwa kiwiko, akawa amesimama katikati ya miti miwili kama ng'ombe kwenye nira, shingo imemtoka mishipa.

Wakati huo wakimbizi walikuwa wanateremka na kuni kutoka mbali, maana karibu zilikuwa zimeisha. Mmoja wao akaushusha mzigo wake ukingoni, akaingia majini na nguo zake, akauweka mti wangu begani kwake. Mchinja mbuzi akaita, wakaondoka. Mguu wangu ulikuwa umeteguka. Nilipanda kile kilima nikichechemea nyuma yao, naangalia shingo ya yule mtu. Alikuwa na kovu? Sikumbuki. Alikuwa na shingo, hilo nina hakika.

Aliubeba mti wangu kilima chote na bonde lililofuata. Tulipofika kwenye tambarare, kituo cha afya kinaonekana, akanigeukia akasema kwa lugha yake, ambayo sisi Wahangaza tunaielewa bila shida, "Shika, mdogo wangu." Nikashika. Yeye akarudi. Kwa hiyo niliingia uwanjani nikiwa mbele, kidevu juu, kama niliyetoka nyumbani hivyo.

Manesi wakampokea mgonjwa. Wenzangu wakaenda nyuma ya jengo kwenye bomba kunywa maji. Mimi na mguu wangu tukabaki na ingobyi. Ndipo gari la wageni likasimama.

Mgeni alikuwa mama mwenye kofia. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Biharamulo mwenye suruali iliyonyooshwa mpaka unaweza kukatia nyanya. Walitaka kujua chombo hiki ni nini. Nikaeleza. Walitaka kujua nani aliyemleta mgonjwa. Hapo ningeweza kusema majirani. Neno hilo ninalo, ni la Kiswahili, si gumu. Lakini nilikuwa nimetoka kuanguka majini, wenzangu walikuwa wameniona, na huyu alikuwa mtu wa kwanza siku ile ambaye hakuniona. Nikasema, mimi.

Alipiga picha. Akachukua koti kutoka kwenye gari, la rangi ya chungwa, lina mistari inayong'aa, kama la watu wa barabara, akanivalisha mwenyewe. "Anasema wewe ni shujaa," mkalimani akaniambia. "Nimesikia," nikamwambia. Wenzangu wakatokea kona ya jengo, maji yanawadondoka videvuni, wakamsikia mkalimani akirudia, "Peke yake," wakasimama. Pacha alikuwa anasugua kiwiko. Kilikuwa kimechubuka mpaka nyama nyeupe.

Mchinja mbuzi akaliangalia koti mbele, akazunguka akaliangalia nyuma.

"Linakutosha," akasema.

Wakati wa kurudi tulipita kijitoni. Ukingoni palikuwa na kamba ya mgomba imelala chini, imefunguliwa. Kuni hazikuwepo, na mwenyewe hakuwepo. Mmoja wetu akaiokota ile kamba, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilikuwa na utani wa kusema hapo, nikaona nivute pumzi kwanza.

Mama alikuwa anamenya ndizi nilipoingia na rangi yangu ya chungwa. Tumbo lake lilikuwa tayari limemzuia kuinama. Alikuwa anamenya akiwa amenyoosha miguu.

"Limetoka wapi?"

"Nimepewa."

"Na wenzako?"

"Lilikuwa moja."

Akaendelea kumenya.

Kuhusu tumbo lile lazima niseme, kwa sababu mambo yote yanakwenda huko. Mtoto aliyemtangulia huyu alikaa vibaya tumboni, na Mama alipelekwa kwa ingobyi akiwa amechelewa. Mtoto alikufa. Nesi alimwambia mara nyingine asingoje. Uchungu ukianza tu, abebwe. Asijaribu kutembea, asijaribu mkunga wa nyumbani. Abebwe. Kwa hiyo nyumba yetu, kuliko nyumba zote za kitongoji, ilihitaji watu wale waje siku hiyo na waje mbio.

Mke wa mfyatua matofali alirudi na mtoto wa kiume. Mgonjwa akipona, nyumba yake hupika pombe ya ndizi kwa ajili ya wabebaji. Tukakaa uani kwake. Sisi wanafunzi hupewa maji ya ndizi ambayo hayajachacha, lakini kibuyu ni kile kile na zamu ni ile ile. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa koti.

Mchinja mbuzi akajaza kibuyu, akasimama, akakileta moja kwa moja kwangu.

"Shujaa aanze."

Watu wakapiga makofi. Nilikunywa nusu nzima, nikajifuta, nikatoa hotuba fupi. Nikasema njia ilikuwa mbaya ila tulijikaza. Nilisema "tulijikaza", nadhani nilijiona mnyenyekevu sana. Kibuyu kikazunguka, kikafika kwa Pacha mwisho kabisa, kimebaki mashapo. Nikamwonea huruma.

Jioni tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani nikamwambia, "Pole, Pacha, ulipata makapi."

Akaniangalia. "Hujui?"

"Sijui nini?"

"Kibuyu anaanza aliyebeba kidogo kuliko wote. Apate nguvu za siku nyingine. Aliyebeba sana anamaliza."

"Nani kasema?"

"Ndivyo inavyofanyika. Baba yako hajawahi kuanza hata siku moja."

Nilicheka. Ni kitu cha kuchekesha, ukikiangalia vizuri: watu wazima wote wale wanapiga makofi, wanajua, na mimi nahutubia. Nilicheka mpaka kwetu. Nikala, nikalala na koti.

Wiki chache baadaye yule mtoto wa mfyatua matofali alikufa. Homa. Haikuwa safari ya ingobyi, mtoto mdogo hivyo babake humbeba mikononi, naye alimbeba akafika naye, akarudi naye. Tulikwenda kuzika. Kulikuwa na baridi na mimi sikuwa na nguo nyingine nzito, kwa hiyo kati ya watu wote waliosimama pale kwenye udongo mwekundu mmoja alikuwa wa rangi ya chungwa, anang'aa. Katekista alisali. Mfyatua matofali alikuwa amemshikilia mkewe kiunoni. Mkewe akanyanyua uso, akaniona, akanitazama kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alikiweka wapi.

Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mwokozi, vipi?"

Ule ulikuwa utani wangu. Yaani ni aina yangu kabisa, ningeusema mimi kama aliyevaa koti angekuwa mwingine. Nikangoja nione nitahisi nini. Nilihisi baridi ya miguu.

Baada ya hapo kengele yetu iligongwa kwa ajili ya mzee mmoja aliyeanguka. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mparachichi. Nilikimbia, nikawa wa kwanza kufika. Wakaja wengine, wakamlaza mzee, wakainua. Mbele kushoto, mahali pangu, alisimama mtu mwingine, mrefu kidogo kuliko Pacha, haikulingana vizuri.

"Na mimi?" nikauliza.

"Shujaa apumzike," mchinja mbuzi akasema, akatangulia na panga lake.

Nikawafuata nyuma nikingoja zamu. "Badili!" Kila nilipoingiza bega, palikuwa na bega. Hakuna aliyenisukuma. Hakuna aliyenifukuza. Ni kwamba mti ulikuwa umejaa. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo, nayo iliyofuata. Nikajaribu kuchekesha. Nilimwambia mchinja mbuzi, "Mzee, bega langu litaota kutu." Akasema, "Lipake mafuta, mwanangu." Watu wakacheka, nami nikacheka, na mti ukaendelea kujaa.

Siku moja nikamfuata kwake anapochuna. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia Mama yuko karibu.

"Najua. Tumbo linaonekana."

"Sasa siku hiyo?"

Akavuta ngozi ya mbuzi kwa ngumi, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati. "Siku hiyo nini? Mama yako ana bahati. Wengine tunahitaji watu wengi kumbeba mmoja. Yeye ana mtu anayebeba peke yake. Kuna picha."

Nilibaki nimesimama pale. Mbwa alikuwa analamba damu karibu na mguu wangu. Nilitamani anitukane, au anichape, kwa sababu hivyo vyote navijua, vinaisha. Yeye akaendelea kuchuna.

Kumwandikia Baba haikuwezekana bila kumwambia sababu. Nikafikiri nifanye kitu. Nikachukua panga, nikaenda mbali kule ambako bado kuna vichaka, karibu na njia ya Murusagamba, nikakata kuni mzigo wa mtu mzima. Nikaubeba kichwani mpaka kambini. Sijui nilidhani nini. Kwamba nitaita, mwenye shingo ajitokeze? Nilipita kati ya vibanda vya plastiki, moshi, watoto wenye vikombe, foleni ya maji isiyo na mwanzo. Wanaume walikuwa wengi na wote walikuwa na shingo. Nikauliza mmoja, "Unamjua mtu aliyepoteza kuni kijitoni?" Akaniuliza kijito gani, kuni gani, lini. Akaniambia wote wamepoteza. Hakuwa mkali, alikuwa anajibu swali.

Nikaweka mzigo chini karibu na bomba ili nipumzike shingo yangu. Mama mmoja akaniuliza kama ninauza, nikasema hapana. Akachukua kuni kadhaa. Mwingine akachukua. Nilipomaliza kunywa maji, palibaki kamba tu. Hakuna aliyenishukuru, wala hakuna aliyenipiga picha. Nikaenda ghalani kumwona Baba kupitia wavu wa uzio. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akaniuliza bega, nikasema lipo.

Jumapili, baada ya misa, wabebaji hukaa kwenye ukuta mfupi wa nyuma ya kanisa kugawana tumbaku. Nikawaendea. Sikuwa nimevaa koti. Nikasema, kwa sauti ya kusomea somo, maana ndiyo sauti pekee iliyotoka:

"Nilianguka kijitoni. Nilikuwa nasimulia hadithi. Pacha alishika miti yote miwili. Yule mkimbizi akabeba kilima chote. Mimi nilishika tambarare tu."

Mtu mmoja akapiga chafya.

"Tuliona," mchinja mbuzi akasema. "Tulikuwepo."

Wakaanza kucheka, mmoja mmoja, halafu wote, mpaka mmoja akateremka ukutani akakaa chini. Pacha peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa mekundu. Nikangoja mtu aseme nimesamehewa au sijasamehewa. Waligawana tumbaku, wakaongea habari za bei ya mbuzi kambini, nikaondoka. Mama aliniuliza nilichelewa wapi, nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kijitoni. Alikuwa amekaa na mgongo ukutani, mkono juu ya tumbo. Akaniambia nitie chumvi kwenye maharage.

Uchungu ulimshika asubuhi, mvua inanyesha. Alinifuata chini ya dari nilipokuwa nashusha mahindi, akaushika mlango kwa mikono miwili, akasema, "Kagonge."

Nikagonga rimu. Niligonga kwa nyundo, nikagonga kwa jiwe, nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi kuanzia vidole hadi kwapani. Ukungu ulikuwa umefunika migomba na sikuona mtu. Nikaanza kupiga hesabu: Mama ana uzito gani, mimi naweza kumbeba mgongoni mpaka wapi. Mpaka kijitoni naweza. Baada ya kijito sikujua. Nilifikiri jambo hilo kwa utulivu kabisa, kama swali la mtihani ambalo mwalimu wake ameenda kuendesha lori.

Kwanza likatokea panga kwenye ukungu. Halafu mchinja mbuzi. Halafu mfyatua matofali, ambaye amemzika mtoto wake nami nikiwa nang'aa. Halafu Pacha na wengine, na ingobyi juu ya vichwa vyao kama mtumbwi. Hawakunisalimu. Walimwamkia Mama, wakamlaza, wakamfunga mkanda.

"Lile koti liko wapi?" mchinja mbuzi akaniuliza. "Si la mvua lile? Lilete."

Nikalileta. Wakamfunika Mama nalo, kuanzia kidevuni mpaka magotini. Mama akawa rangi ya chungwa.

Nikaenda mbele kushoto. Pacha alikuwa ameshainama kwenye mti wake. Akasema, bila kuniangalia, "Achia." Nikaachia. Mfyatua matofali akaingia pale. Njia ilikuwa utelezi, kwa hiyo wakavua viatu, wote, kandambili na raba na vile vya matairi, na mchinja mbuzi akavikusanya, akanipakia mikononi. Kazi hiyo hufanywa na watoto wa darasa la pili.

"Hivi vyote virudi," akasema.

Tukaondoka. Sijui niieleze vipi safari ile, maana sikufanya kitu ndani yake. Nilitembea nyuma na viatu vya watu. Vilikuwa vizito kuliko nilivyodhani, vimeloa, kimoja kilinukia mbuzi. Niliona jinsi wanavyopokezana: anayechoka hasemi, anapumua tofauti, na wa nyuma anasikia. Nilikuwa nimebeba miezi yote ile sijawahi kuona, kwa kuwa nilikuwa ninaongea. Kijitoni walipunguza mwendo. Mguu wa mfyatua matofali uliliepuka lile jiwe, na wa aliyefuata ukaliepuka.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa Kihangaza, polepole, anafika mwisho anaanza upya.

Kwenye kilima walitokea wenye kuni. Wawili wakatua mizigo, wakaingia kwenye miti. Nikawaangalia shingo. Ingeweza kuwa mmoja wao. Ingeweza isiwe. Mchinja mbuzi akamwita mmoja wetu wa zamu, akamwambia abaki pale ukingoni mwa njia alinde kuni za watu. Alibaki, amechutama kwenye mvua kando ya mizigo miwili.

Kituo cha afya kikatokea. Nesi akaja mbio na kitanda cha magurudumu, akasema, "Nani ndugu wa mgonjwa?"

Wakageuka wote kuniangalia.

"Mimi," nikasema. "Mwenye viatu."

Wakamwingiza. Wenzangu wakaenda nyuma ya jengo, kwenye bomba. Mimi nikakaa kwenye benchi la ukumbini, viatu mapajani, maji yanapenya kwenye suruali. Nilijaribu kusali nikakuta ninasoma majina ya dawa kwenye kabati. Nilingoja woga uje, haukuja. Mlango ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa. Kuna wakati nesi alitoka mbio akarudi na chupa. Kuna wakati kukawa kimya. Halafu mtoto akalia, akalia kwa hasira kama aliyeibiwa, na nesi akatoka akiwa anajipangusa mikono, akaniambia ni msichana, mama mzima, ingia umwone mara moja.

Nikaingia. Mama alikuwa amelazwa chali, uso umekuwa wa kijivu, midomo imepasuka. Mtoto alikuwa kifuani kwake, ndani ya kanga. Lile koti lilikuwa sakafuni kwenye kona, limekunjamana, lina damu. Nilidhani kitu kingenifika hapo, kwenye koo au machoni. Nilisimama nikikingoja. Nikawa nasema moyoni, sasa, sasa.

Mama akafumbua macho. Akaniangalia usoni, akateremsha macho mpaka mikononi mwangu, akaona nilichokumbatia. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuwa na shida yoyote kunifikia.

"Sasa unasimama hapa unafanya nini?" akasema. "Wapelekee watu viatu vyao, wana kilima cha kupanda."